Muulize Fundi Mitambo: Spika ya wati 5000, amplifaya iliyotoa moshi na maiki inayopiga shoti

Mwezi huu barua nyingi zimetoka huku kwetu nyanda za juu. Msimu wa sendoff umefika na kila bendi inataka kuacha kukodi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana swali hilo naulizwa hata nikiwa sokoni Mwanjelwa na mfuko wa viazi mkononi.

Shikamoo fundi. Sisi ni bendi ya vijana watano. Tuna gitaa la solo, besi, kinanda na dramu, na waimbaji ni watatu. Wapiga magitaa wana amplifaya zao ndogo. Kila Ijumaa tunapiga kwenye bustani ya mgahawa, watu hamsini hadi mia, na mara mojamoja tunaitwa ukumbini. Tukishamlipa mwenye muziki, kinachobaki ni nauli. Tumechanga shilingi milioni tatu. Kuna duka linauza spika zenye taa za rangi, kila moja imeandikwa wati 5000. Tuchukue mbili?
*Vijana wa Soweto, Mbeya*

Marahaba wanangu. Kabla hamjatoa hela, mwambieni muuzaji aigeuze hiyo spika. Karibu na mahali waya wa umeme unapoingia pana kibandiko chenye maandishi madogo. Someni mstari unaosema inakula umeme kiasi gani. Mimi nimewahi kukuta spika ya "wati 5000" ambayo kibandiko chake kinasema wati 120. Debe moja la mahindi likiingia mashineni hayatoki magunia matano ya unga. Na hata kibandiko kikiwa kimebanduliwa, hesabu inakataa: plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13 kwa ukubwa wake wa mwisho, umeme wetu ni volti 230, zidisheni mpate wati 2,990. Hizo 5000 za usiku kucha zinapitia wapi? Namba iliyochorwa mbele ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, na nyingine ni ya mwenye kiwanda na Mungu wake. Wati za kuulizia ni za kudumu, zile zinazoandikwa RMS.

Tena wati zenyewe msizitegemee sana. Ukitoka spika ya wati 250 kwenda ya 500, unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio linasema "imepanda kidogo". Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, zinatakiwa kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Lakini bustanini, mtu akihama kutoka mita 4 hadi mita 8 mbele ya spika anapoteza desibeli 6 bila mtu kugusa kitufe. Kwa hiyo kumsogezea spika karibu na kuinyanyua juu ya vichwa vya walioko mbele kunashinda kununua wati, na hakuna risiti.

Ningekuwa mimi, ningetafuta spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, za wati 300 hadi 500 za kudumu, hata kama zimetumika. Inchi 15 ina besi nene zaidi, ila mpiga besi wenu ana amplifaya yake, na spika mbili za 12 zinaingia kwenye kirikuu pamoja na dramu na nyinyi wenyewe mkapata pa kukaa. Sabufa, ile spika ya besi peke yake, isubiri. Dramu za bustani ya watu mia hazihitaji maiki. Kazi yenu itakuwa kumtuliza mpiga dramu.

Spika iliyotumika msiijaribu kwa muziki wa dansi wenye besi nyingi, utaficha kila kitu. Pelekeni wimbo wa kwaya isiyo na vyombo. Sogezeni sikio kwenye tweta, ile ndogo ya juu. Kama herufi "s" zimefifia, kana kwamba mwimbaji hana meno, tweta imeshakufa. Kisha pandisheni sauti mpaka muuzaji akasirike, mkae hivyo dakika kumi. Spika iliyochoka hutoa mkwaruzo au harufu.

Upande wa miksa, ule ubao wa vitufe unaokusanya sauti zote, hesabuni vinavyoingia. Maiki tatu za waimbaji, moja ya mshereheshaji, kinanda kushoto na kulia, simu ya kupigia nyimbo wakati mnakula nayo kushoto na kulia. Jumla nane. Hapa kuna mtego: boksi la miksa linaweza kuandikwa "chaneli 12" lakini matundu ya maiki yakawa manne tu, nyingine zote ni za kinanda na redio, tena kila jozi imehesabiwa mbili. Hesabuni matundu kwa kidole. Yale ya pini tatu, ya waya wa maiki, yawe sita.

Maiki. Shure SM58 imekuwepo tangu 1966 na bado ndiyo naipa kila mwimbaji nisiyemjua. Tatizo ni kwamba inaigizwa kuliko noti. Halisi ina uzito wa karibu gramu 300, ukiishika unaisikia mkononi. Nyingi za kuiga ni nyepesi. Kama hela haifiki, maiki halali ya kampuni isiyo na jina kubwa ni bora kuliko SM58 ya uongo, kwa sababu ile ya kwanza angalau haijaanza kwa kukudanganya.

Msisahau stendi mbili za spika. Vijana wengi huziruka, wakaishia kuziweka spika juu ya makreti ya soda, zikapigia magoti ya watu.

Sasa mahali pa kuziweka. Hapa nitawasimulia aibu yangu. Mwaka mmoja kule Uyole, kamati ya sendoff ilitaka spika zikae nyuma ya meza kuu, zifunikwe kitambaa cha zambarau zisiharibu mapambo. Nilikuwa kijana, nikakubali. Mama wa binti aliposhika maiki kutoa nasaha, ikaanza kupiga mluzi. Nikapunguza, hakusikika. Nikaongeza, mluzi. Mwishowe mama wa watu akaiweka maiki mezani, akaongea kwa mdomo wake mwenyewe, na ukumbi ukamsikia vizuri kuliko muda wote niliokuwa na mitambo yangu.

Mluzi haukuwa wa maiki wala wa spika. Sauti ilikuwa ikitoka spikani, inaingia kwenye maiki iliyo mbele yake, inakuzwa, inatoka tena, inaingia tena, duara hilohilo mpaka inalia. Kwa hiyo spika zenu zisimame mbele ya mstari wa waimbaji, kama mita moja na nusu mbele na pembeni, zikiwatazama watu. Tweta iwe juu ya vichwa vya waliokaa, karibu mita 2 kutoka chini. Ukumbini zigeuzeni kidogo ndani zipige watu, zisipige ukuta wala madirisha ya vioo. Mkiwa na spika ndogo ya kujisikilizia jukwaani, monita, ikae sawasawa na mkia wa maiki, maana SM58 husikia kidogo kabisa upande wa mkia. Na yule mwimbaji wenu anayeishika maiki kwa kukumbatia kichwa chake kama kikombe cha chai, mkatazeni. Akifunika matundu yaliyo chini ya wavu, maiki inaanza kusikia pande zote, na mluzi unarudi hata kama mimi ndiye niliyepanga spika.

Kuunganisha hakuna siri kubwa. Kutoka miksani kwenda kwenye spika tumieni waya wa maiki wa pini tatu, si wa gitaa. Huo wa pini tatu unafuta mngurumo njiani hata ukiwa wa mita 20. Mgongoni mwa spika kuna swichi ndogo ya maiki na laini. Iwe upande wa laini, yaani wa sauti iliyokwisha kukuzwa na miksa. Nimeitwa mara nyingi kwenda kutibu spika "inayokwaruza" kumbe ni swichi hiyo tu. Kisha teremsheni sauti zote, mwimbaji aimbe kiitikio kwa nguvu atakazotumia usiku, mpandishe geini, kile kitufe cha juu kabisa cha chaneli, mpaka taa nyekundu ianze kuchungulia, halafu mrudishe nyuma kidogo. "Haloo, moja mbili" haitoshi, hakuna mtu anayeimba moja mbili. Kitufe cha kukata sauti za chini, kile cha hezi 80 au 100, kibonyezeni kwenye kila maiki ya mwimbaji. Kinaondoa kishindo cha miguu na upepo wa bustanini. Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Spika ni wa mwisho kuamka na wa kwanza kulala, kama mtoto wa nyumbani aliyedekezwa. Mkikosea mtausikia ule mshindo wa "puu", na tweta ndiyo inayoulipia.

Mmenitajia bustani lakini hamkutaja jenereta, na umeme utakatika. Injini ya petroli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700. Pigeni hesabu: karibu moja ya tano imekwenda na hewa nyepesi. Jenereta ya wati 2,500 iliyojaribiwa pwani inafika kwenu kama ya 2,000. Spika mbili, miksa, kinanda na amplifaya mbili za gitaa zinaitosha hiyo, mradi mwenye mgahawa asichomeke na friji la soda humohumo.

Bwana Yesu asifiwe, fundi. Kwaya yetu ina amplifaya ya chaneli mbili na maboksi mawili ya omu 8. Tulipokuwa na mkutano wa nje tuliazima maboksi manne mengine ya aina hiyohiyo, tukaunga matatu kila upande. Baada ya nusu saa amplifaya ilijizima, ikarudi, ikajizima tena, halafu ikatoa moshi. Fundi wa mjini anasema ni umeme mkubwa. Ni kweli?
*Mwalimu wa kwaya, Mafinga*

Amina, mwalimu. Pole kwa hasara. Umeme una makosa mengi, ila safari hii nadhani tunamsingizia.

Omu ni kipimo cha jinsi boksi linavyouzuia umeme. Boksi moja la omu 8 ni bomba moja limefunguliwa. Ukiunga la pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umefungua bomba la pili: omu zinashuka hadi 4 na amplifaya inatoa maji mara mbili. La tatu linakupeleka omu 2.7. Tazama mgongoni mwa amplifaya yako, pembeni ya matundu ya spika, utakuta imeandikwa mwisho wake. Nyingi zinakataa kushuka chini ya omu 4. Ninyi mliishusha, pampu ikasukuma kuliko ilivyoumbwa, ikapata joto. Ilipojizima mara ya kwanza ilikuwa inajiokoa. Ilipozima mara ya pili ilikuwa inawaomba. Mliiwasha mara ya tatu, mwalimu, sikulaumu, najua mhubiri alikuwa amesimama.

Mkishaitengeneza, maboksi mawili kila upande, basi. Mkiwa na manne kwa upande mmoja inawezekana: yaungeni mawilimawili kwa mfuatano, chanya ya la pili kwenye hasi ya la kwanza, kila jozi inakuwa omu 16, halafu jozi mbili sambamba mnarudi kwenye omu 8. Amplifaya inapumua. Ila fundi apime kwa mita ya kupimia omu kabla ya kuwasha, maana ukikosea waya mmoja unarudi kwenye moshi. Matatu yaacheni.

Halafu niangalizie waya mlizotumia. Kama ni waya wa gitaa kati ya amplifaya na boksi, tupa. Ule ndani una uzi mwembamba uliovikwa wavu, umetengenezwa kubeba sauti changa, haukutengenezwa kubeba nguvu ya boksi. Nunua waya wa nyuzi mbili nene za shaba, milimita za mraba 2.5, kwa umbali wa mita 20 unatosha. Na ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ikunjueni yote hata kama mnahitaji mita tano tu. Ikibaki imeviringwa huku inabeba mzigo inapata joto, na nimeshaona moja ambayo plastiki yake imegandana kama sukari guru.

Fundi, mimi napiga gitaa na kuimba. Nikigusa maiki kwa midomo napigwa shoti. Wenzangu wananicheka, wanasema ni baridi ya Tukuyu. Nivae viatu vya mpira?
*Mpiga gitaa, Tukuyu*

Acha kupiga leo. Usisubiri Jumamosi.

Midomo yako imekuwa waya kati ya vitu viwili ambavyo havikutakiwa kutofautiana: nyuzi za gitaa, zilizoungana na kasha la amplifaya yako, na maiki iliyoungana na miksa. Kimoja kati ya hivyo hakina ethi, ule waya wa ardhini. Ama soketi ya ukumbi haikuungwa ethi, ama kuna mtu mwerevu aliikata pini ya juu ya plagi ili mngurumo uishe. Mngurumo uliisha kweli, na njia ya umeme kwenda ardhini ikaisha pamoja nao, ukabaki wewe. Viatu vya mpira havisaidii, kwa sababu mkono mmoja uko kwenye gitaa na midomo iko kwenye maiki. Umeme haupiti miguuni, unakatisha kifuani.

Kwenu mvua ni nyingi, Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua kubwa nchini, na nyasi mnazopigia juu yake hazikauki. Mwite fundi umeme apime soketi, siyo kwa bisibisi ya taa peke yake, kwa mita, kati ya waya wa moto na ethi. Vifaa vyote vya jukwaani vichukue umeme kutoka soketi moja, vikipitia kikata umeme cha miliampea 30. Maungio ya ekstensheni yasilale kwenye majani. Yawekeni juu ya tofali au kiti, mfunike yasilowe. Na mngurumo ukirudi baada ya kurudisha ethi, utibiwe upande wa sauti, kwa kile kiboksi kidogo cha DI kinachokaa kati ya gitaa au kinanda na miksa. Kina swichi ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti tu. Ya umeme haiguswi.

Wenzako waambie baridi haipigi shoti. Na utuandikie tena tujue uko mzima. Ndaga fijo kwa barua.

Nimenunua maiki mpya ya waya, haitoi sauti kabisa. Jirani kaniambia niwashe kitufe cha 48 kwenye miksa. Kitaunguza?
*Dada wa Njombe*

Dada, kwanza tazama shingo ya maiki yenyewe. Ina swichi? Imewashwa? Nusu ya maswali haya yanaishia hapo.

Kama imewashwa, soma karatasi yake. Maiki ya kawaida ya kuimbia haihitaji hizo volti 48 wala haiunguzwi nazo ikiwa waya wake wa pini tatu ni mzima. Ile nyeti ya kondensa, ya kurekodia au ya kuning'inizia kwaya, ndiyo haiongei bila hizo. Teremsha sauti kabla ya kubonyeza.

Kamwene fundi. Nikipiga nyimbo kwa simu kwenye harusi, nitumie bluutuuthi au waya?
*Kijana wa Kihesa, Iringa*

Kamwene. Waya. Bluutuuthi inakatika watu wakijaa kati ya simu na miksa, na kila mwenye simu ukumbini anaweza kujaribu kujiunga. Ila weka simu kwenye hali ya ndege kwanza. Mimi nilimwamini mshereheshaji mmoja, akachomeka yake bila kuzima mtandao, ikaita katikati ya keki, naye kwa mazoea akapokea. Ukumbi mzima tulijua anadaiwa na nani, kiasi gani, na tangu lini.